Daktari wa Serikali na Kazi ya Chama
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mkokotoni)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wanachama wengi wamekuwa wakiulizana, nalo ni hili: Je, mtu aliyeajiriwa na Serikali, na khasa yule ambaye kazi yake haiwezi kungojwa, kama vile daktari, yafaa ashike pia uongozi katika mambo ya watu wake? Na akishika, ni lipi litakalompata yeye, ni lipi litakalowapata wagonjwa wake, na ni lipi litakalokipata chama chake?

Wako wenzetu wanaojibu upesi kwa methali ya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haituambii ni ipi itakayoponyoka, wala ni mkono wa nani utakaoichopoa. Kwa hiyo tumeona si vema kulijibu swali hili kwa maneno matupu, bali tulitazame kwa kisa cha mtu aliyekuwako, aliyeyafanya mambo hayo mawili pamoja, ili tupate kujifunza kwa yaliyompata. Mtu huyo ni Daktari Vedast Kyaruzi, mwenyeji wa Bukoba, ambaye mwaka 1950, hali akiwa daktari wa Serikali, alichaguliwa kuwa Rais wa Tanganyika African Association, chama kilichojulikana sana kwa herufi zake tatu, TAA.

Kwanza yatupasa kujua daktari Mwafrika wa siku zile alikuwa mtu wa namna gani. Mafunzo ya uganga kwa vijana wa Afrika ya Mashariki yalikuwa yakitolewa Makerere, katika Uganda, na hospitali ya kujifunzia ilikuwa Mulago. Kijana alikaa huko miaka mingi, akasoma elimu ya mwili na ya maradhi, akapasua na kutibu chini ya macho ya walimu wake, akafanya mtihani mgumu. Aliporudi kwao, Serikali ilimwandika kwa jina la Msaidizi wa Mganga, wala si Mganga kamili, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa daktari aliyetoka Ulaya, ingawa mara nyingi wagonjwa waliokuwa mbele yao walikuwa wale wale na maradhi yalikuwa yale yale. Shahada ya Makerere haikukubaliwa na baraza la waganga la Uingereza mpaka mwaka 1957.

Basi mtu wa namna hiyo alikuwa amesimama mahali pa ajabu. Kwa watu wake alikuwa msomi mkubwa, pengine wa kwanza waliyemwona katika ukoo wao au katika mji wao. Na kwa waliomwajiri alikuwa mdogo miongoni mwa wadogo. Twaona kwamba mtu akikaa katikati ya hali hizo mbili kila siku, hahitaji kufundishwa na kitabu kuwa kuna jambo halikukaa sawa.

Daktari Kyaruzi alifanya kazi katika hospitali ya Sewa Haji, Dar es Salaam. Hospitali hiyo ilipewa jina la tajiri wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ijengwe zamani za Wadachi. Wazungu walikuwa na hospitali yao nyingine ufukoni, kwenye barabara ya Ocean Road. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyoitwa kwa jina la Princess Margaret, nayo ndiyo ambayo baada ya uhuru ilikuja kujulikana kwa jina la Muhimbili. Lakini mwaka 1950 ilikuwa bado ni Sewa Haji, na humo wakipita watu wa kila namna: mchukuzi wa bandarini, mke wa karani, mvuvi, askari, na mtoto wa shamba aliyeletwa na babake.

Sasa na tukitazame chama. African Association ilianza Dar es Salaam mwaka 1929, na huku kwetu Unguja kikawako chama cha jina hilo hilo mwaka 1934. Baadaye watu wa bara wakatengana na watu wa visiwani kwa jina na kwa utaratibu, na kile cha bara kikaitwa TAA tangu 1948. Waanzilishi wake na wafuasi wake wengi walikuwa makarani, walimu na watumishi wa Serikali, watu kama sisi tuliokaa humu leo. Kwa miaka kadhaa chama kilikuwa kimezorota. Mwaka 1950 vijana walikishika upya: Daktari Kyaruzi akawa Rais, na Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo, akawa Katibu.

Walichofanya kwanza hakikuwa kupiga kelele barabarani. Waliunda halmashauri ndogo ya mambo ya siasa, na ndani yake walitiwa watu wa namna mbalimbali. Alikuwamo Hamza Mwapachu, mtumishi wa Serikali katika idara ya ustawi wa jamii. Alikuwamo Stephen Mhando. Alikuwamo John Rupia, mtu wa biashara zake mwenyewe. Na alikuwamo Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mkubwa, ambaye asili yake ni kwetu hapa Unguja, Makunduchi. Tunaomba wanachama waikumbuke orodha hiyo, maana tutairudia.

Wakati huo Gavana, Sir Edward Twining, alikuwa ameweka kamati ya kutazama namna nchi itakavyotawaliwa siku za mbele, na watu waliombwa watoe maoni yao. Halmashauri ya TAA ikakaa, ikaandika waraka, ikaupeleka. Ndugu wanachama, tendo hilo huenda likaonekana dogo, lakini sisi tunaoshinda na makaratasi twajua uzito wake. Malalamiko yanayosemwa barazani hupotea na upepo. Malalamiko yaliyoandikwa, yakatiwa tarehe, yakapokewa kwa mhuri, hayawezi kukanwa. Kamati ya Gavana ilipomaliza kazi yake mwaka 1951, ilishauri kwamba viti vya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wasio wa Serikali vigawiwe sawa sawa kwa jamii tatu, Wazungu, Waasia na Waafrika, hali Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 7 kwa hesabu ya watu ya mwaka 1948, na hao wengine wote kwa jumla hawakufika laki moja. Waliotaka haki hawakupata walichotaka. Lakini maneno yao yalikuwa yamekwisha kuingia katika faili.

Ndipo lilipokuja lile tunalotaka kulieleza. Daktari Kyaruzi alipewa uhamisho. Alitolewa Dar es Salaam, akapelekwa Kingolwira, karibu na Morogoro, kwenye hospitali ya gereza. Na baadaye akapelekwa mbali zaidi, Nzega, kaskazini ya Tabora. Naye Hamza Mwapachu alipelekwa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa la Nyanza. Hakuna aliyefungwa wala aliyepelekwa mahakamani, wala mshahara wa mtu haukukatwa. Ilikuwa barua moja tu ya idara, yenye maneno ya adabu, kama barua ambazo wengi wetu tumewahi kuzipokea au kuzipiga chapa kwa mikono yetu wenyewe.

Haya, na tulipime jambo hilo kwa mizani. Mgonjwa wa Nzega alikuwa na haki ya kupata daktari kama vile mgonjwa wa Dar es Salaam, na mfungwa wa Kingolwira naye ni mtu, tena homa humshika kama imshikavyo mtu mwingine. Kwa hiyo daktari hawezi kusema, "Siendi." Akisema hivyo amevunja kiapo chake na amewaambia wagonjwa wa huko kwamba wao si kitu. Hapa ndipo ulipo mtego. Kazi yake njema ndiyo iliyompa jina kwa watu, na kazi yake hiyo hiyo njema ndiyo iliyokuwa kamba mkononi mwa mwajiri. Mwenye duka akichukiwa na wakubwa hubaki dukani mwake; daktari wa Serikali akichukiwa hupelekwa mahali ambapo hawezi kukataa kwenda, kwa sababu huko nako kuna wagonjwa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mkutano wa chama ulikuwa Dar es Salaam, na Rais yuko mbali, akihudumia wagonjwa wake. Kama chama kingekuwa ni yeye peke yake, kingekufa siku alipopakia sanduku lake. Lakini hakikufa. Abdulwahid Sykes, Katibu, alikuwa na faili, alijua waraka gani ulikwisha pelekwa na jibu gani lilikwisha kuja, naye ndiye aliyeshika uongozi. Sheikh Hassan bin Ameir hakuwa na barua ya ajira ya Serikali, basi hapakuwa na idara ya kumhamisha. John Rupia alikuwa akila kwa jasho la biashara yake. Hii ndiyo sababu tuliomba mwikumbuke orodha ile. Halmashauri iliyochanganya wenye mshahara na wasio na mshahara ilisimama pale ambapo halmashauri ya makarani watupu ingelianguka kwa barua tano za uhamisho. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vyote vikiwa vya mkono mmoja, mwenye kuushika mkono huo amevishika vyote.

Katika miaka hiyo hiyo likatokea jambo la Wameru, waliotolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951. Kirilo Japhet akatumwa mwaka 1952 kwenda Umoja wa Mataifa kusema habari zao. Watu wakaanza kuona kwamba vyama hivi si vya chai na mazungumzo tu. Aprili 1953 Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, na mwaka huo huo Serikali ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa vyama vya siasa, na TAA ikahesabiwa miongoni mwa vyama hivyo.

Yafaa tusimame kidogo hapa, kwa sababu wako watakaosema: Kwani hilo ni kosa? Mtumishi wa Serikali si lazima awe mtu wa wote? Tunajibu kwamba makatazo ya namna hiyo ni ya aina mbili, na kwa macho hufanana kama mapacha. Aina ya kwanza humlinda mgonjwa. Mtu aliyelala kitandani hakuchagua daktari wake kwa chama. Akimwona daktari amevaa alama ya chama, ataogopa kwamba dawa hutolewa kwa wafuasi na wapinzani hupewa maji. Katazo la kumzuia daktari asifanye siasa wodini, wala asitumie dawa, gari au karatasi ya Serikali kwa ajili ya chama, ni katazo la haki, nasi twalikubali bila ya kulazimishwa.

Aina ya pili humlinda mtawala asiulizwe. Waraka wa 1953 tunauhesabu katika aina hiyo, nayo hoja yetu ni hii. Katika Tanganyika ya siku hizo Mwafrika hakuwa na kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Tena Waafrika waliosoma hata waweze kuandika waraka kwa lugha ya Serikali wengi wao walikuwa ni watumishi wa Serikali hiyo, kwa sababu hapakuwa na mwajiri mwingine mkubwa. Basi kuwakataza watumishi wasiingie chamani kulikuwa ni sawa na kuwaambia watu, "Lalamikeni mpendavyo, lakini msiwe na wa kuwaandikia." Hapa Unguja nako, katika miaka ya 1950, watumishi wa Serikali walizuiwa kushiriki siasa, na kizuizi hicho hakikuwalemea watu wote kwa uzani mmoja: mwenye shamba la karafuu alikuwa huru kusema, lakini karani aliyekula kwa mshahara alifunga kinywa.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Daktari Kyaruzi hakuwamo miongoni mwa waasisi waliokutana siku ile. Alikuwa mtumishi wa Serikali, na mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 1955 Nyerere naye ilimbidi achague kati ya skuli na chama, akaacha kazi ya ualimu. Mwaka 1956 Rashidi Kawawa, aliyekuwa akiongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, aliacha kazi ya Serikali akaingia katika kazi ya vyama vya wafanyakazi. Hao waliacha kazi, na nchi ikawakumbuka. Daktari hakuacha kutibu, na majina ya namna yake hutajwa mara chache. Baada ya uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961 alitumwa kuwa mjumbe wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa, na hilo laonyesha kwamba waliokuja kutawala walimjua ni nani. Lakini wangapi katika vijana wetu waliokwisha kulisikia jina lake? Sisi twaona kwamba aliyebaki na wagonjwa wake naye alitoa sadaka, na sadaka isiyopigiwa ngoma si ndogo kwa sababu hiyo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani za Waingereza, na sasa mambo ni mengine. Ni kweli kwamba ni mengine. Watu wenye elimu ya uganga wamefika mahali pa juu kabisa katika nchi yetu. Dr. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho, Pemba, aliyefanya kazi katika Wizara ya Afya ya Zanzibar na kupata shahada yake ya juu katika Newcastle, Uingereza, mwaka 1988, alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu 2001, na Rais wa Zanzibar tangu 2010 mpaka 2020. Na baada yake, Novemba 2020, akashika Dr. Hussein Ali Mwinyi, naye daktari. Lakini mtu akiwa waziri au rais kazi yake ni hiyo. Hawezi tena kuitwa usiku kwenda kumtazama mzazi mwenye uchungu. Swali letu ni la yule aliyebaki wodini.

Kwa hilo mfano wa siku hizi ni wa Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, katika Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili chetu husemwa. Yeye ndiye mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, iliyoanza mwaka 1999, na humo amewatibu wanawake walioumizwa na askari na waasi katika vita. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mwaka 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa. Mwaka 2023 aligombea urais wa nchi yake, naye hakupata hata kura 1 katika kila 100. Twajifunza nini hapo? Kwamba heshima ya watu kwa daktari si sawa na kura zao. Mtu aweza kuwa mponya wa maelfu, dunia nzima ikamsifu, na bado asiwe na matawi, wala makatibu, wala watu wa kwenda kijiji kwa kijiji. Kyaruzi alikuwa na chama kilichoweza kusimama bila ya yeye. Na mtu mwema asiye na chama cha namna hiyo hubaki na jina lake peke yake.

Bwana Mwenyekiti, sasa na tulete maneno haya hapa Mkokotoni. Kwa miaka mingi mji huu umekuwa makao ya afisi za Serikali za kaskazini ya Unguja, na waganga, wauguzi, walimu na makarani huletwa hapa na kuondolewa hapa kwa barua. Tunawajua wauguzi wa Kivunge wanaotoka zamu ya usiku na kuja mkutanoni na usingizi machoni. Tunawajua watumishi wanaovuka kwa chombo kwenda Tumbatu, na mkutano ukafanywa wao wakiwa upande wa pili wa maji. Watu hao hawawezi kuambiwa wachague moja. Kwa hiyo tunatoa mashauri manne, nayo tunaomba yajadiliwe na wanachama.

La kwanza, kila cheo cha chama kiwe na mtu wa pili anayeijua kazi yake, aliye katika idara nyingine, ili barua moja isiweze kuviondoa vyeo viwili kwa mpigo mmoja.

La pili, faili za chama zisikae katika sanduku la mtu mmoja. Kila waraka uwe na nakala mbili, na nakala moja ikae kwa mtu asiyepata uhamisho, awe mzee wa mji au mwenye duka aliye rafiki wa chama.

La tatu, katika halmashauri zetu za mambo makubwa tuwaalike wasiokuwa watumishi, kama walivyofanya wale wa 1950 kwa Sheikh na kwa mfanya biashara. Wivu wa kutaka mambo yabaki ya wasomi watupu umeviua vyama vingi.

La nne, nalo ndilo kubwa kwa yule aliye daktari au muuguzi: saa za mgonjwa ziwe za mgonjwa. Pasizungumzwe habari za chama kando ya kitanda, wala pasitiwe saini waraka wa chama juu ya meza ya dawa. Tufanye hivyo si kwa kuogopa wakubwa, bali kwa sababu siku mwenzetu atakapoonewa kwa kuwa amesema kweli, ushahidi wake mkubwa utakuwa ni kitabu cha wodi kinachoonyesha kwamba hakuna mgonjwa aliyekosa haki yake kwa ajili ya siasa zake.

Tukiyashika haya, yule aliyeuliza kama mshika mbili ataponyokwa na moja tutamjibu kwamba mikono ya mtu mmoja ni miwili tu, lakini ya chama ni mingi. Daktari na aende anakopelekwa, akatibu watu. Na siku atakayorudi, au hata asiporudi, akute au asikie kwamba kazi aliyoianza imo mikononi mwa wenziwe, na waraka aliousaidia kuuandika bado umo katika faili, una tarehe na una mhuri.